Nimrukishe mama episodi 58 ili tuangalie ile ya 300 ya Grey's Anatomy? Aligoma tangu Derek afe

BintiKikuyu

Habari zenu wadau, poleni na vumbi la huku kwetu maana upepo wa wiki hii si wa kawaida, ukianika nguo asubuhi jioni unaanua udongo.

Nina jambo naomba mnishauri, msinicheke. Mimi niko Dodoma mjini, Kikuyu, naishi na mama yangu. Mama ni nesi mstaafu, sehemu kubwa ya kazi yake kaifanyia thieta, kule kupasua. Mwaka 2016 kaka alikuja na laptopu imejaa sizoni za Grey's Anatomy, ile tamthilia ya madaktari ya Marekani, basi tukaanza ya kwanza kabisa, kila siku baada ya kula tunaangalia moja, jumamosi mbili. Kuangalia na mama ni kazi maana yeye haangalii mapenzi yao anaangalia mikono. "Huyo kanawa halafu kashika barakoa, kaharibu." "Huyo nywele ziko nje." "Hivi hawa madaktari ndo wanasukuma kitanda wenyewe, ndo wanachoma sindano wenyewe, manesi wameenda wapi hospitali nzima?" Hilo la manesi alikuwa analisema karibu kila siku, na nikifikiria ana haki.

Tukafika sizoni ya 11 episodi ya 21, ile anayokufa daktari Derek. Waliofika mnajua. Jamaa kasimama barabarani kuokoa watu wa ajali, kawatibu vizuri wote wakapona, yeye anarudi kwenye gari lori likamgonga. Kapelekwa kihospitali ambacho hakina uzoefu wa majeruhi wakubwa, na madaktari wa zamu hawakumpiga CT skani ya kichwa. Yeye mwenyewe ni bingwa wa ubongo, kalala pale anasikia kila kitu na kichwani anajisemea nipigeni skani, ila mdomo haufunguki. Mama akasimama akajifunga khanga upya akasema zima. Nikamwambia mama bado dakika kumi. Akasema "mgonjwa kagongwa na lori hajapigwa picha ya kichwa, mimi siangalii uzembe nyumbani kwangu, nimeuona wa kutosha kazini". Akaenda kulala. Na kweli hajarudi tena mpaka leo, miaka yote hiyo. Mimi niliendelea peke yangu kwa simu huko chumbani kama mwizi.

Sasa mwezi uliopita kateleza bafuni kavunjika kifundo cha mguu, amefungwa POP (ile plasta ngumu), daktari kasema wiki sita asikanyage. Mama wa kushinda shambani Bahi na mikutano ya vikoba leo amekaa kwenye kochi anahesabu mabati. Radio kachoka nayo, mitandao hataki. Nimefikiria nimrudishe kwenye Grey's, tena nimrudishie kwa ile episodi ya 300 maana mimi iliniliza, naona kama ndo imebeba kila kitu. Tatizo toka pale alipogomea ni episodi ya 241, ina maana namrukisha 58 nzima. Ataelewa? Au nianze nae pale pale alipoachia, ambapo najua fika ataanza na hasira za Derek na hatutafika popote?

FundiFlashi_Dom

Dada nikusaidie mimi ndo kazi yangu hii, naweka watu sizoni kwenye flashi hapa mjini na wateja wangu wengi ni akina mama, watu hawaamini ila ni akina mama.

Usimpeleke moja kwa moja kwenye 300, atakuuliza maswali mpaka POP ikauke mara ya pili. Fanya hivi. Sizoni ya 14 episodi ya 1 na ya 2, zilitoka usiku mmoja. Humo dada yake daktari Owen anaitwa Megan karudi, alidhaniwa amekufa vitani miaka na miaka, kaja na jeraha kubwa la tumbo na Meredith, yule daktari mhusika mkuu, anamfanyia kitu ambacho wenzie wanamuona kachanganyikiwa, anambadilishia ukuta wa tumbo mzima kwa kutumia wa marehemu. Hiyo oparesheni ndo inampeleka kwenye tuzo ya Harper Avery, ile tuzo kubwa ya upasuaji humo kwenye tamthilia. Ukishamuonyesha hizo mbili, ruka mpaka ya 7. Hiyo ya 7 ndo ya 300. Ilirushwa Marekani tarehe 9 Novemba 2017.

Kinachotokea humo (kama hujaiona ruka hii aya usije ukanilaumu) kuna bembea la treni, lile linalopanda juu na kushuka kwa kasi, limeanguka kwenye maonyesho, majeruhi wanaletwa. Sasa kati ya majeruhi kuna vijana watatu mmoja anafanana na George mmoja na Izzie mmoja na Cristina, yaan mpaka wale wa zamani wakina Webber na Bailey wanababaika. Ndo namna waandishi walivyowarudisha walioondoka bila kuwarudisha. Huku nako sherehe ya tuzo inaendelea mji mwingine na Meredith alitakiwa awepo, hakuenda, kabaki na mgonjwa. Daktari mwenzake Jackson akapokea kwa niaba.

Na mama yako kama ni mtu wa kazi mwambie na hili, aliyeiongoza hiyo episodi ni Debbie Allen, ndo yule yule anayecheza mama yake Jackson. Yaan mbele ya kamera ni daktari nyuma ya kamera ni bosi.

Kuhusu bei ya kuweka sizoni tuongee pembeni 😂

Kondoa_Kwetu

Mi swali langu moja tu, kuna iliyotafsiriwa? Maana bibi yangu huku anataka sana hizo za mahospitali ila kingereza hakuna, nikimtafsiria mimi namaliza mate.

MzeeWaCountyGeneral

Mbukwenyi wana Dodoma.

Naomba nitie neno japo najua nitapigwa mawe. Nyie vijana mnashangilia 300 kama vile hakuna aliyefika huko. ER, nayo tamthilia ya hospitali ya Wamarekani, ilianza Septemba 1994 ikaisha Aprili 2009, sizoni 15, episodi 331, na haikuhitaji bomu wala ndege kuanguka wala simba wala nini kila mwisho wa mwaka ili watu waangalie. Pale Chicago kwenye hospitali yao ya County General mgonjwa anaingia mlango unafunguliwa kwa kitanda, puu, unasikia presha kiasi gani, mapigo kiasi gani, kamera inakimbia nao, hakuna kulia kwenye lifti. Shemeji yangu alikuwa na DVD zake tukawa tunaangalia kwa zamu nyumba nzima, na George Clooney alikuwa bado kijana kabisa.

Mnaongelea episodi ya kihistoria? Sizoni ya 4 episodi ya kwanza, Septemba 1997, ER waliicheza moja kwa moja, mubashara, sio kurekodi. Tena waliicheza mara mbili usiku ule ule, mara ya kwanza kwa watu wa mashariki ya Marekani na saa tatu baadae wakairudia upya kwa watu wa magharibi. Mtu akisahau maneno hakuna kurudia. Hiyo ndo naita kazi. Kufikisha namba ni uvumilivu tu, hata mbuyu unafikisha.

Ila nitakuwa muungwana, tarehe 28 Februari 2019 Grey's wakatoa ya 332 wakaipita ER, siku ile nilinuna.

FundiFlashi_Dom

Mzee shikamoo. Hata ubishe, kwa tamthilia za hospitali za usiku kule Marekani hakuna iliyoifikia Grey's sasa hivi. Ukisema kwa ujumla wa dunia hapo sawa, Waingereza wana Casualty ya toka 1986, na General Hospital ya mchana ya Wamarekani imeanza 1963 kabla hata ya Muungano wetu na imeshavuka episodi 15,000. Lakini ile ni ya kila siku, ni kama kulinganisha daladala na treni ya mwendokasi, vyote vinabeba watu.

Na tusiseme uvumilivu kwa dharau. Episodi 300 kwa dakika kama 42 kila moja ni masaa 210. Ukikaa bila kulala wala kwenda chooni ni karibu siku tisa. Sasa mtu akiangalia masaa 210 halafu ukamletea sura inayofanana na George lazima moyo ushtuke, huwezi kuufanya huo mchezo episodi ya 12.

MzeeWaCountyGeneral

Marahaba. Hapo kwenye George nakuachia.

Chimwaga_MD4

Mimi niko UDOM nasoma udaktari mwaka wa nne, nichangie kidogo upande wa kitaalamu maana ile oparesheni ya Megan watu hudhani wametunga. Hawajatunga. Kupandikiza ukuta wa tumbo kumefanyika kweli toka 2001 kule Miami, kwa wagonjwa ambao wamepandikizwa utumbo halafu tumbo haliwezi kufungwa tena maana ngozi na misuli imekwisha kwa makovu. Kwa hiyo wakisema Meredith ni wa kwanza duniani hiyo chumvi, ila chakula chenyewe kipo.

Kitu kingine kinachonifurahisha, hiyo Novemba 2017 wanayoipa Meredith tuzo ya kupandikiza, mwezi huo huo hapa kwetu Muhimbili walipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini. Na Machi 2018 ikafuata hapa hapa Dodoma, hospitali ya Benjamin Mkapa, wakishirikiana na Wajapani. Nakumbuka nilikuwa kidato cha tatu, mwalimu wa baiolojia aliingia na gazeti darasani akaacha somo la siku hiyo akachora figo ubaoni, na mstari mrefu wa mkojo unaoshuka, akatuuliza figo mpya unadhani wanaiweka wapi. Wote tukasema mgongoni ilipo ya zamani. Akacheka. Inawekwa mbele chini ya tumbo upande wa nyonga, na zile za zamani mara nyingi zinaachwa pale pale. Mimi nadhani udaktari nilianza kuutaka siku ile, sio kwa tamthilia. Tamthilia ilikuja kuniharibia tu nikadhani intani anapasua moyo wiki ya kwanza, kumbe intani anatafuta majibu ya maabara na kukimbizana na faili.

Mpe pole mama. Wiki sita ni nyingi lakini kifundo hakitaki haraka, awe anainua mguu juu ya mto.

BintiKikuyu

Asanteni sana jamani, mzee wa ER nimekuelewa na nimekuheshimu, Fundi nitakutafuta kuhusu bei 😂. Dogo wa Chimwaga mto anao, ila kila nikirudi kazini nakuta mto uko kichwani mguu uko chini.

Sasa kikwazo ni hiki. Jana nilimgusia, nikasema mama kuna sehemu moja nzuri ya wale madaktari wa Seattle tuangalie. Akaniangalia juu ya miwani akasema "wale wasio na manesi?" Nikanyamaza. Yaan Derek kamsamehe nadhani, ila la manesi halijaisha.

Nesi_wa_Usiku

Mdogo wangu nimecheka peke yangu hapa kwenye chumba cha zamu mpaka mgonjwa wa kitanda cha tatu kauliza kuna nini. Mama yako nampenda bila kumjua.

Niko wilayani huku mkoa wetu huu huu sitataja wapi. Nimesoma yote mliyoandika na nimeona mmeacha kitu ambacho ndo dawa ya mama yako. Mwambie hivi: manesi wapo, na yupo mmoja wa kweli kabisa. Akiangalia zile sehemu za thieta kuna mama mmoja wa Kiasia, mfupi, kofia kichwani na barakoa, anasimama upande wa meza ya vifaa anampa daktari mkasi. Anaitwa BokHee An. Yule sio muigizaji aliyefundishwa kushika mkasi, yule ni nesi wa thieta kwa kazi yake ya kweli, walimchukua toka sizoni za mwanzo mwanzo na ameonekana kwenye mamia ya episodi, na humo ndani wanamwita hivo hivo Bokhee. Maneno yake ukiyakusanya yote hayajai karatasi. Wakina Derek wamekuja wamekufa, wakina Cristina wameondoka, George basi limemkanyaga, yeye yupo tu pale anatoa vifaa.

Mimi niligundua kwa mikono. Nilikuwa naangalia bila sauti usiku mmoja wodi imetulia nikaona huyu mtu anavyoweka kifaa kwenye kiganja cha daktari, hakiweki, anakipiga kidogo, pa, mpini unaingia pale pale unapotakiwa na daktari hana haja ya kuangalia. Hiyo huwezi kuigiza. Sisi tulifundishwa na sista mmoja mkali sana (sasa marehemu, Mungu amlaze pema), ukimpa daktari mkasi vibaya anakugonga vidole kwa koleo. Nikasema huyu ni mwenzetu. Nikatafuta, kweli.

Mama yako amefanya thieta, akiambiwa tu "kuna nesi wa kweli mtafute" atakaa. Sisi watu wa thieta hatuangalii sura tunaangalia nani kasimama wapi.

Na akimaliza ya 300 usiishie hapo. Mpelekee na ya 400, mwisho wa sizoni ya 18, ilitoka 26 Mei 2022. Wengi wanaiponda, wanasema haina machozi kama ya 300, ni kweli Meredith humo ana habari zake za kuhama kwenda Minnesota na kubaki, Bailey kachoka kabisa anaacha kazi, mafunzo ya madaktari yanafungwa. Mimi siangalii hayo. Mimi naangalia kwamba hospitali imeishiwa damu. Tu. Hakuna bomu hakuna ndege, damu hakuna. Oparesheni zinaahirishwa, wanapiga simu, wanachangisha wenyewe kwa wenyewe. Na hawakutunga maana Januari mwaka huo huo Msalaba Mwekundu wa Marekani ulitangaza hali ya hatari ya upungufu wa damu nchi nzima, walisema haijawahi kutokea kutangaza hivo.

Wanangu, hiyo ndo episodi pekee kwenye sizoni zote niliyoiona nikahisi mapigo yangu yanaenda kasi kama niko kazini. Kwa sababu damu sio panadol hukai nayo stoo. Mfuko wa damu unakaa siku 35 mpaka 42 kutegemea na dawa iliyomo kwenye mfuko, zile chembe sahani za kugandisha damu siku tano tu. Zikipita unamwaga. Kwa hiyo hata wakija watu mia leo kuchangia, mwezi wa pili huna kitu kama hawakurudi. Na wanafunzi wakifunga shule ndo balaa zaidi maana wao ndo wachangiaji wetu wakubwa.

Usiku mmoja, miaka kadhaa imepita, mama kajifungua salama, mtoto kalia, tumefurahi, dakika ishirini baadae shuka limelowa. Tunakanda tumbo, dawa tumechoma, kizazi hakikazi. Group O na kwenye friji yetu O imebaki chupa moja. Tukamtundikia, huku dereva kaondoka na gari kwenda mjini kufuata nyingine, kilomita unazijua na barabara unaijua. Mume wake tukamwambia changia, akasema mimi B. Mlinzi wa getini, mzee wa watu, yeye ndo alikuja mwenyewe kakunja shati akasema mimi nina O, nilishapimwa, nitoeni. Mwenzangu akapima uzito, kilo 50 kwa shida, ikapita. Tukatoa, lakini damu mbichi haiendi hivi hivi mpaka ipimwe kwanza, kwa hiyo tunasubiri maabara na tunasubiri gari, vyote viwili, na mimi nimeshika mkono wa yule dada nahesabu mapigo, 130, 136, 140. Saa kumi kasoro gari likaingia. Dereva kashuka na deli la damu kalikumbatia kifuani kama mtoto, kuliweka kwenye kiti hakutaka, anasema lilikuwa linaruka kwenye mashimo.

Yule dada yupo, ana duka la kanga. Mtoto anasoma.

Basi ndo maana hao wa Seattle walivyopiga simu zao za damu mimi sikuona tamthilia. Wanaume kila miezi mitatu wanawake kila miezi minne, nimemaliza, zamu inaniita.

Kondoa_Kwetu

Dah sista. Mi nilikuja kuuliza tafsiri tu.

MzeeWaCountyGeneral

Huyo nesi apewe episodi yake.

Nimekumbuka kitu, sizoni ya 2 si manesi waligoma humo kwenye Grey's? Yule George akajiunga nao nje kwenye mgomo sababu baba yake ni mtu wa chama cha wafanyakazi. Muonyeshe mama na hiyo, si unaona walikuwepo.

FundiFlashi_Dom

Mzee umekuja kutupinga kumbe umeangalia yote 😂😂

MzeeWaCountyGeneral

Naangalia ili nijue adui yuko wapi.

Chimwaga_MD4

Niongezee moja kwa dada, akifika mwisho wa 300 mama ataona mtu pale juu kwenye kioo wanapokaa watu kuangalia oparesheni. Ellis, mama yake Meredith, alishakufa toka sizoni ya 3. Muandae, asije akasema wamekosea. Ellis mwenyewe ndo alishinda hiyo tuzo mara mbili na ndo yule alimwambia mwanae kwamba ni mtu wa kawaida tu. Kwa hiyo ile sura ya pale juu ina deni la episodi 300.

Na kuna utamu na uchungu wake maana baadae sizoni hiyo hiyo ya 14 inakuja kujulikana huyo Harper Avery mwenyewe alikuwa anasumbua wanawake kingono miaka yote, jina lake linafutwa. Sijui kama umwambie mama hilo mapema au amalize kwanza furaha.

BintiKikuyu

Nimerudi na ripoti. Samahani kwa kuchelewa juzi umeme ulikata toka saa moja, tukalala.

Nilifuata la Nesi. Jioni baada ya kula nilimpelekea chai nikasema mama unajua kwenye wale madaktari kuna nesi wa thieta wa kweli, sio muigizaji, yuko toka mwanzo? Akaacha kikombe. "Yupi?" Nikasema sikuambii mtafute mwenyewe. Akanyamaza muda kisha akasema "lete hiyo laptopu, na uniletee na miwani ile nyingine".

Tukaanza sizoni ya 14 ya 1 na ya 2 kama Fundi alivyosema. Derek hakumtaja hata mara moja, mimi ndo nilikuwa na presha. Alipofika kwenye ule upasuaji wa Megan alikaa kabisa mbele, mguu na POP yake kauweka kwenye stuli MWENYEWE, Chimwaga furahi. Alikuwa anahesabu kwa midomo bila sauti. Nikamuuliza unahesabu nini akasema vitambaa, "wameingiza vingi hawa, nataka nione vikitoka".

Halafu ghafla akanipiga paja. "Huyu." Mtu mwenyewe ameonekana kama sekunde mbili, macho tu juu ya barakoa. Nikasema umejuaje mama. Akasema "angalia viwiko. Viwiko vyake haviendi chini ya kiuno. Wengine wote wanashusha mikono kama wanasubiri daladala." Wallahi nimeangalia na mwanamke huyu miaka na sijawahi kuona viwiko vya mtu.

Ya 300 tumeangalia jana. Kwenye wale watatu wanaofanana na wa zamani alimtambua George kabla ya wote, akasema "huyu mtoto si basi lilimuua", nikamwambia sio yeye ni anafanana, akasema "ndo maana wamempigia picha za kutosha huyu, wamejifunza". Ile sehemu ya mwisho tuzo inatangazwa Meredith yuko ndani ya thieta na watu wote wako pale juu kwenye kioo wanampigia makofi, nikajua sasa atasema kuhusu makofi na mgonjwa yuko mezani. Akasema kweli. "Mgonjwa yuko mezani hawa wanapiga makofi." Ila alisema taratibu.

Halafu akatokea Ellis pale juu. Nilikuwa nimemuandaa kama mlivyosema lakini hakuuliza kitu. Akakaa kimya mpaka majina yakaanza kupanda. Mimi mwenzenu machozi yananitoka nimejifanya nafuta simu. Baada ya muda akasema, haniangalii mimi anaangalia kioo, "mimi nilivyoagwa kazini walinipa kitenge na ndoo". Nikasema na cheti mama. Akasema "na cheti, kimeandikwa jina vibaya". Tukacheka wote mpaka mguu ukamuuma.

Nikamuuliza basi nizime ukapumzike maana ni saa tano. Akasema weka nyingine, aone kama yule mwenzie ameingia zamu.

Fundi nahitaji sizoni ya 14 yote mpaka ya 18, flashi ninayo.